Aliyefunga kizimba ana deni: Haki za simbilisi wanaofugwa na watoto wetu

Miongoni mwa wanyama wadogo wanaoingia majumbani mwetu kwa ajili ya kuwafurahisha watoto, simbilisi ana nafasi yake. Ni mdogo, haruki madirishani kama paka, hang'ati ovyo, na chakula chake ni majani. Mzazi humnunua sokoni au hupewa na jamaa, humtia katika kizimba cha waya, humwekea bakuli la maji na kishungi cha nyasi, kisha humkabidhi mtoto na kumwambia: huyu ni wako, mtunze.

Wiki ya kwanza watoto hawabanduki kizimbani. Wiki ya pili hamu hupungua. Ifikapo wiki ya nne, mnyama hukutwa amejikunja katika pembe moja, kimya, macho wazi, hasogei hata akiguswa. Watu wa nyumbani husema: "Huyu mpole sana." Lakini huo si upole. Simbilisi ni mnyama anayewindwa. Akihisi hatari hana silaha ila mbili: kukimbilia maficho, au kuganda alipo ili asionekane. Aliyewekwa mahali pasipo na maficho hubakiwa na hiyo ya pili, basi huganda kutwa nzima.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu kitu tunachokiona kidogo: boksi tupu, chungu kilichopasuka, nyasi zilizosokotwa. Lakini nyuma ya vitu hivyo iko haki ya kiumbe aliyenyimwa uwezo wa kujitafutia, na liko funzo ambalo mtoto atalibeba maisha yake yote.

Deni la mwenye ufunguo

Wengi wetu tunaijua Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuhusu mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Tunaisimulia watoto ili tuwafundishe wasiwatese wanyama. Lakini tukiitazama kwa utulivu, tunaona kosa lake lilikuwa na pande mbili. Alimfungia paka bila ya kumlisha, na wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe riziki katika vijidudu vya ardhini. Paka aliye huru hamdai mtu. Aliyefungiwa anamdai aliyemfungia, kwa kuwa kila alichokuwa akikipata kwa miguu yake sasa kimo mikononi mwa mtu huyo.

Hapa ndipo penye jambo letu. Simbilisi aliye huru hatafuti majani na maji tu. Hutafuta pia mahali pa kujificha, kitu kigumu cha kuguguna ili meno yake yasirefuke, wenziwe wa kukaa nao, na njia za kupita. Tunapofunga mlango wa kizimba tunamkata na hayo yote kwa mpigo mmoja. Tukimrudishia chakula na maji peke yake, tumelipa sehemu ya deni na kubakiza sehemu.

Kumfuga mnyama mdogo kwa ajili ya mtoto ni jambo lenye asili katika Sunna. Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik (r.a.) kwa mama, alikuwa na kindege akicheza nacho. Kilipokufa, Mtume Muhammad (s.a.w.) alimliwaza mtoto huyo kwa kumuulizia habari za kindege chake. Hadithi hiyo fupi ilimshughulisha mwanachuoni wa Kishafi, Abul Abbas Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria, hata akaiandikia kitabu na kutoa ndani yake mafunzo yanayofikia sitini. Miongoni mwa waliyoyachukua wanavyuoni katika kisa hicho ni ruhusa ya mtoto kumfuga ndege na kucheza naye, maadamu hamtesi.

Naye Imamu Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262 Miladia, ameziorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu katika kitabu chake cha misingi ya hukumu. Ametaja kuwa mnyama agharimiwe hata akiwa mzee au mgonjwa asiyetarajiwa faida tena, asibebeshwe asichokiweza, asichanganywe na mwenye kumdhuru, na atengenezewe vizuri mahali pake pa kulala na pa kunywea. Mwanachuoni huyo aliyaandika haya zaidi ya miaka 750 iliyopita. Hakuishia kwenye chakula. Alitaja na malazi.

Qur'ani nayo imetuzoesha kuwaona viumbe wadogo kuwa ni wenye makazi. Katika Suratun Naml tunasoma habari za mdudu chungu aliyewahimiza wenzake waingie majumbani mwao kabla ya jeshi la Nabii Suleiman (a.s.) kuwaponda bila ya kujua. Katika Suratun Nahl tunaona namna nyuki alivyoelekezwa na Mola wake wapi pa kujifanyia nyumba. Makazi kwa kiumbe ni sehemu ya maumbile yake.

Simbilisi ni nani?

Asili ya simbilisi ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, katika nchi kama Peru, Bolivia na Ekuado, ambako watu wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Jina lake la Kiingereza linamwita nguruwe wa Guinea, na jina hilo limewatia wasiwasi baadhi ya Waislamu. Ukweli ni kwamba hana nasaba yoyote na nguruwe, wala hakutoka Guinea. Ni mnyama wa jamii ya wagugunaji, anayekula majani.

Aidha, asichanganywe na panya wa nyumbani, ambaye Hadithi sahihi imemtaja miongoni mwa wanyama waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa hata katika ardhi ya Haram. Mwenye kutaka kumfuga panya hasa, na amuulize kwanza mwanachuoni anayemwamini. Ama suala la kuliwa kwa simbilisi, hiyo si mada yetu leo.

Katika Afrika yetu simbilisi ni mwenyeji wa siku nyingi. Hufugwa katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na huko Kivu mashariki mwa Kongo hufugwa zaidi na wanawake na watoto. Mara nyingi huko hawekwi kizimbani. Huishi jikoni pamoja na kundi lake, akipita chini ya vitanda na katikati ya kuni, akijificha nyuma ya mitungi, akikimbilia maganda na majani yanapotupwa chini. Jiko hilo la kijijini, bila ya mtu kukusudia, limempa karibu kila anachokihitaji: giza, kona, wenziwe na kazi ya kutafuta. Alipohamia mjini akapewa kizimba cha waya kinachong'aa, akapoteza hayo yote. Kazi yetu ni kumrudishia jiko lile.

Akili ya mnyama mdogo

Huenda mtu akasema: hayo ni maneno ya kudekeza, mnyama mdogo kama huyu ana akili gani? Mwaka 1947 mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alieleza habari za panya aliowapeleka nyumbani kwake wakalelewa na binti zake, wakizunguka humo kwa uhuru. Walipopewa mafumbo ya kutafuta njia, waliwashinda wenzao waliokulia katika vizimba vya maabara. Katika miaka ya 1960, Mark Rosenzweig na wenziwe wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionesha kwamba panya waliolelewa pamoja na wenzao, katikati ya vitu vya kuchezea vinavyobadilishwa, tabaka la nje la ubongo wao lilikuwa zito kuliko la wale waliowekwa peke yao katika vizimba vitupu.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hapo Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Hawapigwi ili wajifunze. Huzoeshwa mlio mdogo na tuzo ya ndizi au karanga kila wanapopatia. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020. Mwenyezi Mungu hakumuumba mgugunaji yeyote awe wa kukaa tu akitazama ukuta.

Maficho kwanza

Kabla ya mchezo wowote, mjengeeni maficho. Kipimo cha kwanza ni eneo lenyewe. Simbilisi wawili wanahitaji sakafu isiyopungua sentimita 120 kwa 60, tena iwe tambarare. Si mpandaji kama panya, kwa hiyo ghorofa na ngazi kali havimfai. Sakafu ya waya mtupu nayo huwatoa vidonda vya nyayo. Tandikeni ubao au gazeti, na juu yake nyasi kavu nyingi.

Kanuni ya maficho ni moja: yawe mengi kuliko wanyama kwa idadi ya moja. Wakiwa wawili, yawe matatu, ili asitokee mmoja akayamiliki na kumzuia mwenzake. Na kila ficho liwe na milango miwili, kwa sababu mnyama aliyebanwa mahali penye mlango mmoja hana pa kutokea, na hapo ndipo ugomvi na majeraha huanzia.

Nyumba ya boksi. Chukueni boksi la katoni lenye urefu wa sentimita 35 hivi, upana wa 25 na kimo cha 20. Bandueni utepe wa gundi wote na ng'oeni pini zote za chuma. Kateni sehemu ya chini yote, ili nyumba ikae juu ya nyasi kama kawa juu ya sahani na iwe rahisi kuinuliwa wakati wa kusafisha. Kisha kateni milango miwili katika pande zinazotazamana, kila mmoja upana wa sentimita 12. Ataiguguna nyumba yake. Mwacheni, hiyo nayo ni shughuli. Ikilowa mkojo, itupwe na ijengwe nyingine. Boksi lenye rangi nzito ya kung'aa lisitumike.

Chungu kilichopasuka. Chungu kikubwa au mtungi wa udongo uliovunjika mdomo ni nyumba bora kuliko nyingi za dukani, hasa katika joto la pwani, kwa kuwa udongo hubaki na ubaridi. Mdomo uwe na upana usiopungua sentimita 15. Sugueni kingo kwa jiwe hadi ziwe laini, kioshwe vizuri, kilazwe ubavu na kutegwa kwa mawe pande zote kisibiringike. Hiki kina mlango mmoja, kwa hiyo kiwe cha nyongeza, si cha pekee.

Kigoda. Kigoda kikuukuu kisichopakwa rangi kikiwekwa katika pembe ya kizimba ni dari tayari. Tundikeni kipande cha mkeka usiotiwa rangi upande mmoja, kimoja kiwe pazia na kiguguno.

Hema la kanga. Kipande cha kanga kuukuu kilichopindwa kingo kinafungwa kwa pembe zake nne kwenye nyaya za kizimba, kimo cha sentimita 15 au 20 kutoka chini. Kikagueni kila siku. Uzi ulioning'inia unaweza kumzunguka mnyama mguuni ukamkata damu isipite, na kidole au mguu ukapotea.

Vya kuguguna na vya kutafuta

Meno ya simbilisi hayakomi kukua. Yasipopunguzwa kwa kutafuna humzuia kula, na mnyama hufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Dawa ya kwanza ya meno ni nyasi, tena nyasi nyingi, ziwepo usiku na mchana. Hizi ndizo chakula chake kikuu. Baada ya nyasi huja vijiti. Matawi mabichi ya mpera au mforosadi, yaliyooshwa na kukatwa vipande vya urefu wa mkono wa mtoto, yanafaa. Mparachichi ni sumu kwake, majani hata gome, usimkaribie. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa pia zisitumike.

Michezo ifuatayo inaweza kutengenezwa na mtoto wa miaka saba au minane kwa usimamizi wa mkubwa:

Ngata ya nyasi. Mfundisheni mtoto kusokota nyasi ndefu zilizonyauka kidogo, azizungushe na kuzipitisha ndani kwa ndani kama bibi zetu walivyosokota ngata ya kubebea mtungi. Isifungwe kwa uzi wala waya. Katikati pachomekwe jani la karoti au kipande cha pilipili hoho. Simbilisi ataifumua taratibu, na huenda ikamshughulisha kwa muda mrefu.

Kiini cha tishu. Kile kigogo cha karatasi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha, kipasueni kwanza kwa urefu wake wote. Hatua hii isirukwe, kwani kichwa cha mnyama kinaweza kunasa humo. Kisha kijazeni nyasi na kipande kimoja cha mboga, mkiweke chini. Kazi yake ni kuvuta hadi apate.

Mfuko wa kaki. Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki mwezi Juni 2019, mifuko ya karatasi imejaa majumbani. Kateni mishikio yake, ujazeni nyasi nusu, mulazeni chini mdomo wazi. Ni pango la siku mbili tatu, kisha hugeuka chakula cha meno.

Sinia la kuchakura. Katika sinia pana au sanduku la mbao lenye kingo fupi, tieni vipande vya karatasi visivyo na wino mwingi na nyasi kavu, mfiche humo mboga zilizokatwa vipande vidogo. Hii ndiyo michezo yote kwa muhtasari: mgao wake wa mboga wa siku usiwekwe katika bakuli moja, bali utawanywe mahali kumi. Hampati gharama yoyote ya ziada, na mnyama amepata kazi ya saa nzima.

Tenga la nyasi. Kapu dogo la ukili usiotiwa rangi likining'inizwa usawa wa kichwa chake huwa hori safi, nyasi zisikanyagwe wala kulowa. Matundu yake yawe madogo, asiweze kupenyeza kichwa.

Badilisheni vitu kila baada ya siku tatu au nne, lakini msivibadilishe vyote kwa pamoja. Kiwepo daima kitu kimoja chenye harufu yake, asijione yumo ugenini.

Kuhusu mboga, kumbukeni kwamba simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, na akiikosa hupata kiseyeye: huchechemea, fizi huuma, huacha kutembea. Pilipili hoho na kipande kidogo cha pera humtosheleza. Asipewe kitunguu, parachichi, kisamvu, maharage makavu, viazi mviringo wala majani yake, mkate wala vitu vya sukari. Na simbilisi aliyepitisha nusu siku bila ya kula chochote ni mgonjwa wa haraka. Apelekwe kwa daktari wa mifugo, asisubiriwe.

Mwenzake

Hakuna mchezo unaochukua nafasi ya mwenzake. Simbilisi ni mnyama wa kundi. Uswisi, kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2008, imekataza kisheria kumfuga mmoja peke yake. Basi wafugwe wawili, nao wawe majike wawili, au dume aliyehasiwa na jike. Msichukue dume na jike kwa kudhani mtoto atafurahi kuona vichanga. Dume huweza kuzalisha tangu akiwa na wiki tatu tu, jike hushika mimba tena saa chache baada ya kuzaa, na baada ya miezi michache nyumba hujaa wanyama wasio na mwenyewe. Hiyo nayo ni dhulma, ingawa ilianza kwa furaha.

Jamaa zetu walioko Ulaya na nchi za Ghuba mara nyingi huwanunulia watoto hamsta badala ya simbilisi. Hamsta wa dhahabu ana asili ya Halab katika nchi ya Shamu; wengi wanaofugwa leo ni kizazi cha familia moja iliyochukuliwa huko mwaka 1930. Yeye ni kinyume kabisa: huishi peke yake, na akiwekwa na mwenziwe hupigana hadi kuuana. Huchimba, basi atiwe takataka laini za karatasi kina cha sentimita 20 au zaidi. Kifuu cha nazi kilichosuguliwa na kutobolewa mlango ni chumba chake kizuri cha kulala. Gurudumu la kukimbilia, lenye sakafu nzima isiyo na vipenyo, humfaa yeye, lakini kwa simbilisi gurudumu huumiza uti wa mgongo. Ama ile mipira ya plastiki ambayo mnyama hufungiwa ndani akabiringike, haimfai yeyote: hana hewa ya kutosha, hana pa kusimama, na hana maficho.

Joto na tohara

Simbilisi hapoi kwa jasho kama sisi. Joto likipita nyuzi 30 linaweza kumuua, na Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hufikia hapo mara kwa mara kati ya Desemba na Machi. Kizimba kisiwe juani wala chini ya bati. Chupa ya maji yaliyoganda, iliyozungushiwa kitambaa, iwekwe pembeni ili mwenye kutaka aiegemee, na mwingine aweze kukaa mbali nayo.

Kwa upande wa tohara, katika madhehebu ya Imamu Shafi ambayo wengi wetu katika mwambao huu tunayafuata, mnyama aliye hai ni tohara isipokuwa mbwa na nguruwe, lakini mkojo na kinyesi cha wanyama ni najisi, hata wale wanaoliwa. Kwa hiyo kizimba kiwekwe mbali na mahali pa kusalia, mtoto awe na nguo maalumu ya kazi hiyo, na anawe mikono kwa sabuni kila amalizapo. Nyasi zilizolowa ziondolewe kila siku, na kizimba chote kioshwe kila wiki. Uchafu hauhitaji kuwa sababu ya kumchukia mnyama. Ni sababu ya kumfundisha mtoto hukumu za najisi kwa vitendo.

Zamu ya mtoto, dhamana ya mzazi

Kosa linalorudiwa na familia nyingi ni kumkabidhi mtoto mnyama moja kwa moja. Mtoto wa miaka minane hawezi kubeba peke yake amana ya kiumbe anayeweza kuishi miaka mitano hadi minane. Kazi ni ya mtoto, lakini dhamana ni ya mzazi. Pangeni zamu: baada ya Alfajiri, maji na nyasi, baada ya Alasiri, kutawanya mboga na kukagua maficho, Alhamisi, kutengeneza mchezo mmoja mpya kwa pamoja, Jumamosi, kuosha kizimba. Mzazi apite kila siku atazame kwa macho yake, asitosheke na kuuliza.

Mfundisheni pia kutazama. Akae kimya kando ya kizimba robo saa bila ya kumshika mnyama, aeleze alichokiona: nani alitoka kwanza, nani alimfuata, nani alipenda chungu na nani alipenda boksi. Baada ya siku chache za kuwa na maficho, yule aliyekuwa ameganda huanza kutoka. Wakati mwingine huruka juu ghafla, akajipindua hewani na kukimbia huku na huku. Ni dalili ya furaha. Jambo hili huwashangaza wazazi: mnyama aliyepewa mahali pa kujificha ndiye anayeonekana zaidi, kwa sababu anajua kuwa analo pa kurudi.

Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake amejifunza jambo ambalo hotuba nyingi haziwezi kumfundisha. Amejua kwamba aliye chini ya mkono wake ana haja ambazo hawezi kuzisema, na kwamba mwenye nguvu ndiye anayepaswa kuzitafuta. Kesho atakuwa mume au mke, mwalimu, mwajiri, kiongozi wa msikiti au wa nchi. Watakuwapo watu chini ya mkono wake.

Na siku simbilisi atakapokufa, kwani kila nafsi itaonja mauti, msimwambie mtoto kuwa alikuwa mnyama tu. Msikimbilie kununua mwingine jioni ileile. Keti naye, muulizie habari za mnyama wake, kama Mtume wetu (s.a.w.) alivyomuulizia Abu Umayr kindege chake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie huruma kwa viumbe vyake, na atulipie madeni tunayoyajua na tusiyoyajua. Wallahu a'lam.